Inchi 55 kwenye chumba na sebule... utakaa wapi?

Ukitaka kujua nani kapokea mchezo wiki hii hapa Tegeta, wala usihangaike na wambea. Simama pale Kibaoni jioni, tazama bajaji zinazokata kona kuingia ndani. Ukiona boksi refu limechomoza huku na huku kama mbawa, na jamaa kalikumbatia utadhani kambeba bibi harusi, ujue mshiko umetembea. TV hiyo! Na wala si ile ya inchi 32 ya kuwekea chumbani. Watu siku hizi wanataka kitu cha kujaza ukuta, jirani akipita dirishani amwone mtangazaji mpaka kope.

Mimi simlaumu mtu. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tukangoja mpaka 1994 ndipo zikaingia hewani ITV, DTV na wenzao. Wakati ule mtaa mzima unaweza kukuta TV moja, ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenye nayo anaamkiwa hata na waliomzidi umri. Watoto sakafuni, viatu mlangoni, ukikohoa mara mbili unafukuzwa. Sasa mtu aliyekulia sakafuni kwa jirani, leo kashika laki zake mkononi, utamwambia nini kuhusu inchi?

Nitamwambia hivi: inchi ndicho kitu rahisi kuliko vyote siku hizi. Viwanda vya China vinafyatua vioo vikubwa kama maandazi, na bei yake si ile ya kutisha ya zamani. Kinachomliza mtu ni yale yasiyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yaani chumba, waya, umeme na ukuta. Ukiniuliza mimi, mwenye hela ya kubangaiza inchi 55 achukue 43 ya maana, na chenji inayobaki ina kazi nyingi ya kufanya. Msomaji umeshakunja uso? Hebu subiri.

Kwanza hiyo inchi yenyewe. Inapimwa mshazari, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, wala si upana. Inchi 43 ina upana wa karibu sentimeta 95. Inchi 55 ni karibu sentimeta 122, yaani futi 4 kamili. Sasa chukua sebule ya kupanga ya futi 10 kwa 10. Toa kabati la TV, toa kochi na mgongo wake, toa na stuli ya chai. Kati ya macho yako na kioo zinabaki mita 2 tu, kama hujabanwa zaidi. Mafundi wengi wana hesabu nyepesi: zidisha ukubwa wa TV mara moja na nusu hadi mara mbili, hapo ndipo pa kukaa. Kwa inchi 43 inaangukia kati ya mita 1.6 na 2.2, umetosha kabisa. Kwa 55 inaanzia mita 2.1 kwenda 2.8. Una ukuta wa kurudisha kochi nyuma? Huna, labda ukae kwa mpangaji mwenzako.

Mtu atasema, mbona sinema watu wanakaa karibu na pazia na hawafi? Sawa, lakini picha ya sinema ni safi. Hizi zetu zinazopita kwenye king'amuzi, chaneli nyingi zimebanwa ili zienee nyingi kwa pamoja. Ukizitandaza kwenye futi 4 na wewe uko puani mwake, mpira wa Simba na Yanga unageuka vigae vinavyokimbizana. Kioo kikubwa hakiongezi uzuri wa picha mbaya, kinaongeza ubaya wake.

Pima pia miguu. TV nyingi za bei nafuu hazina kile kitako cha katikati, zina miguu miwili huku mwisho na kule mwisho. Watu wanaifikisha nyumbani saa 2 usiku, wanafungua boksi kwa shangwe, kumbe kabati fupi, miguu inaning'inia! Kabla hujapanda gari kwenda mjini chukua futi kamba, pima kabati, andika kwenye simu.

Baada ya hapo ndiyo Kariakoo. Ukishuka tu unapokelewa. "Bosi wangu, karibu! TV, sabufa, friji, tunashusha bei mpaka chini!" Huyo ni winga. Winga hana duka, ana mdomo. Atakushika mkono, atakuingiza duka ambalo si lake, bei utakayotajiwa ina cha juu chake ndani. Si mwizi jamani, ndiyo ajira yake na ana watoto, ila cha juu hicho kinatoka mfukoni mwako. Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, kijana wa bodaboda, akafanya jambo nililolipenda. Alimsikiliza winga vizuri, akapiga picha namba ya modeli iliyo ubavuni mwa boksi, akashukuru, akaondoka. Tukaingia maduka mengine matatu peke yetu tukiuliza namba ile ile. Tofauti ya bei ilitosha kununulia breketi, waya na nauli ya bajaji, na soda juu.

Bei zenyewe sitakutajia, maana zinapanda na kushuka na dola, gazeti hili litakuwa limeshafungia vitumbua.

Dukani kuna maneno ya kuzugia watu. La kwanza ni "4K". Boksi limeandikwa 4K kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara, halafu kwa maandishi ya sisimizi pembeni unakuta kioo chenyewe ni 1366 kwa 768. Maana yake TV inaweza kupokea picha ya 4K, lakini haina nukta za kuionyesha. 4K ya kweli ni 3840 kwa 2160. Full HD ni 1920 kwa 1080, na kwa inchi 43 hiyo inakutosha kabisa. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba, usikubali kuonyeshwa neno.

La pili ni "smati". Smati ziko za aina nyingi. Kuna zenye mfumo unaojulikana, kama Google TV, au VIDAA wa Hisense, au webOS wa LG, na kuna zilizopachikwa Android ya simu tu, yenye memori ya GB 1, ukibonyeza rimoti unakwenda kuoga unarudi ndiyo inafunguka. Dawa yake ni moja. Washa intaneti ya simu yako pale pale dukani, fungua YouTube, kama unataka Netflix fungua na Netflix. Ikigoma kwenye kaunta, nyumbani haitabadilika tabia. Na ukumbuke bando, mpenzi msomaji. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, na ya 4K mpaka 7. Kwa hotispoti ya simu hiyo ni tamthilia ya machozi hata kabla haijaanza.

La tatu ni "dabo glasi", na hili lina ukweli ndani yake. Ni kioo kigumu cha ziada kilichowekwa mbele ya kile laini. Kama una mtoto anayerusha rimoti, ni mkombozi. Ila TV inakuwa nzito, na kioo kile kinang'aa, dirisha lote unaliona ndani ya taarifa ya habari.

Kabla hela haijatoka mfukoni, nenda na flashi yenye picha tupu tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Ziweke moja baada ya nyingine, sogea karibu, tafuta kidoa kisichobadilika rangi au mstari. Muuzaji akinuna, mwache anune. Kisha dai risiti ya EFD yenye namba ya modeli, na garantii iliyogongwa muhuri, uulize ofisi ya matengenezo iko mtaa gani. Ukikuta jina la kampuni kubwa limekosewa herufi moja, usijifanye hujaliona, bidhaa bandia zipo na Tume ya Ushindani inazikamata kila mara.

Safari ya kurudi Tegeta ni ndefu, na matuta unayajua. TV husafirishwa imesimama, kama ilivyochorwa kwenye boksi. Ukiilaza kwenye kirikuu, kioo chembamba kile kinabeba uzito wake chenyewe, tuta moja tu, ukifika unawasha unakuta utando wa buibui. Na bodaboda sahau.

Nyumbani sasa, kila mtu anataka itundikwe ukutani, tena juu, karibu na dari, kama picha ya rais ofisini. Ya nini? Ukikaa kwenye kochi macho yako yako mita 1 au zaidi kidogo kutoka sakafuni, katikati ya kioo pawe hapo hapo. Halafu uchunguze ukuta wa mwenye nyumba. Tunaishi chini ya Wazo, saruji inatengenezwa hapo juu tangu miaka ya 1960, lakini kuna kuta mtaani kwetu ukiweka kekee unatoka mchanga mtupu! Skrubu inaingia kwa kidole. Ukuta wa namna hiyo usiutundikie kitu, weka TV kwenye kabati uisogeze mbali na ukingo. Pia isiangaliane na dirisha.

Kisha waya. Hapa nina ugomvi na mafundi wengi. TV mpya ya laki kadhaa, king'amuzi kimeunganishwa kwa ule waya wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano! Waya ule ni wa enzi za chogo, haupitishi HD hata ukiubembeleza. Tumia HDMI, ndiyo chenji ya kwanza niliyokuambia uibakize. Kama nyuso za watangazaji zimenenepa ghafla, picha ya mraba imevutwa, nenda kwenye mipangilio urudishe umbo lake. Mwanga nao, TV hutoka dukani ikiwa imefunguliwa kufa na kupona ili ishinde jua la Kariakoo. Punguza mpaka karibu nusu. Macho yatapona, na zile taa ndogo za nyuma ya kioo zitaishi. Ukisikia mtu analalamika TV yake ina sauti lakini haina picha, mara nyingi ni taa hizo zimekwenda.

Tangu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, Dar ilipozimiwa mitambo ya analojia, kuchomeka antena ya zamani na kungoja miujiza kumekwisha. Ila TV nyingi mpya zina tyuna ya dijitali ndani, ile ya DVB-T2. Chomeka antena, itafute chaneli zenyewe, ujue unapata nini kabla hujanunua king'amuzi kingine. Wa ungo nao, tazama za Azam mtaani kwetu, zote zimeipa bahari mgongo zimetazama magharibi, maana setilaiti yao iko upande huo. Kama jirani wa magharibi ana mwembe mrefu unaogusa kona yako, mwambie fundi ahamishe ungo mapema, asingoje masika. Mvua kubwa ikija picha itaganda hata kwa aliyefunga vizuri.

Chenji iliyobaki nunua kifaa cha kulinda umeme, kile kinachongoja dakika kadhaa umeme ukirudi ndipo kiuachie. Umeme wetu haukatiki tu, unarudi kwa kishindo. Stabilaiza kubwa si lazima kama nyuma ya TV pameandikwa volti 100 hadi 240, hiyo inavumilia yenyewe. Vumbi lifute kwa kanga kuukuu, kavu, TV ikiwa imezimwa. Sabuni ya unga waachie masufuria.

Limebaki la LUKU, na ndilo linalovunja undugu kwenye nyumba za kupanga. Mita moja, vyumba sita, na wewe ndiye umeonekana jana ukiingiza boksi. Kuanzia leo uniti zikiisha mapema, mchawi ni wewe, hata kama kuna mtu anapikia jiko la umeme usiku wa manane. Basi geuza TV, soma wati zilizoandikwa nyuma. Tuseme ni wati 80. Ukiwasha saa 6 kwa siku, ni karibu nusu uniti, kwa mwezi uniti 14 na kidogo. Ya inchi 55 ikila wati 130, kwa saa hizo hizo inakwenda zaidi ya uniti 23. Zizidishe kwa bei mnayonunulia, na kama mita yenu iko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, angalieni msivuke. Iandike hesabu hiyo kwenye karatasi, ubandike pale kwenye mita, na hela yako itangulie kabla mama wa chumba cha tatu hajafungua mdomo.