Matawi ya Mkaratusi na Njaa ya Udongo

Ukipita kwa mafundi wa mbao karibu na soko la Kibuye utaona maranda na vumbi la mbao yamerundikana. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilishauri kikundi cha akina mama wachukue magunia ya vumbi hilo, walichanganye na udongo wa sukuma wiki. Nilifikiri chochote kilichotoka kwa mti ni mbolea. Wiki tatu hivi baadaye majani yakawa manjano, mboga zikadumaa. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, hii ni mbolea ama ni sumu?" Sikuwa na jibu, na karo za watoto zilikuwa zinangojea mboga hizo.

Haikuwa sumu, ilikuwa njaa. Mbao huoza kwa sababu vijidudu vya udongo, yaani bakteria na kuvu, huila. Lakini ili wajenge miili yao wanahitaji pia naitrojeni, ile ile iliyomo kwenye mbolea ya CAN tunayonunua dukani. Vumbi la mbao lina sehemu mia kadhaa za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, na vijidudu hula vizuri kaboni ikiwa kama 25 au 30 tu. Wakikosa ndani ya mbao wanachukua kwa udongo, na mizizi ya sukuma inapokonywa. Naitrojeni hiyo haijapotea, imekopwa. Vijidudu wakifa inarudi, ila polepole.

Sasa tuende kwa mikaratusi ya Maseno na Vihiga. Milingoti ikishauzwa, wengi hukusanya matawi na majani na kuyachoma ili shamba liwe safi. Moto huo unarusha hewani sehemu kubwa ya naitrojeni. Jivu linabaki na potasiamu na kalisi, mahindi ya kwanza hupendeza, na ndiyo maana watu huamini moto ni mbolea. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba gogo, lile analobeba mnunuzi, lina naitrojeni kidogo kwa kila kilo. Iko zaidi kwenye majani, hasa mabichi, maana mti hulivuta jani chakula chake kabla ya kuliangusha.

Najua mtaniuliza, na kuni je? Chukueni matawi manene. Majani, vijiti na maganda yaacheni juu ya udongo, msiyafukie. Yakiwa juu, vijidudu hukopa kwa tabaka dogo tu, na mvua haipigi udongo mtupu. Mkopo huo hata una faida: shamba likikatwa hakuna mizizi mingi ya kunyonya, na naitrojeni iliyo huru huoshwa hadi mtoni na ziwani, ikalisha gugumaji.

Mwenye haraka ya mboga atumie maua makech, yale ya njano ya kandokando ya barabara. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 walikuta majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5, na huoza kwa wiki chache. Lakini hayatengenezi naitrojeni kutoka hewani kama oyieko ama kaliandra. Yanaikusanya tu pale yalipo. Ukikata ua lile lile kila msimu, pale napo patachoka.

Wale akina mama walirundika vumbi lililobaki pamoja na samadi ya kuku na makech, wakamwagia maji na kugeuza kwa miezi. Mvua zilizofuata walilitia kwenye mashimo ya sukuma na majani yakatoka kijani kizito. Kuku wa jirani walikuwa wamelichimbua rundo mara mbili, tukalifunika kwa matawi ya mkaratusi.