Taa Tatu Shambani: Maji Yakizidi, Mbolea Hukimbia

Mkulima wa umwagiliaji akiona tuta limekauka na kuanza kupasuka, moyo humtuma afungulie maji. Mara nyingi moyo humdanganya. Jua kali hukausha sentimita chache za juu tu, ilhali chini, kwenye mizizi, udongo ungali na unyevu wa kutosha. Tena zamu ya maji ni ya kugombewa: leo ikikupita, hujui mfereji utakufikia lini. Basi aliyepata zamu humwagilia hadi shamba lifurike, hata kama mimea haikuwa na kiu.

Kuzidisha maji kuna gharama isiyoonekana kwa macho. Mbolea ya urea ikishachanganyika na udongo hubadilika taratibu na kuwa nitrati, chakula ambacho mmea hukinyonya kwa urahisi. Lakini nitrati huyeyuka, na udongo hauna nguvu ya kuishika. Maji yanaposhuka chini ya mizizi, huondoka nayo. Mahindi yakigeuka manjano, mkulima hudhani mbolea ilikuwa haba au feki, akanunua mfuko mwingine, kisha akaufungulia maji yaleyale yaliyokwisha kuiba ule wa kwanza.

Watafiti walitafuta njia ya kumwonyesha mkulima kinachoendelea huko chini. Tangu mwaka 2013, vifaa vyao vimejaribiwa katika skimu ndogo za Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe. Hapa kwetu majaribio yalifanyika mkoani Iringa, katika skimu za Kiwere, wanakolima mboga na mahindi, na Magozi, wanakolima mpunga. Vihisio vidogo vyenye jasi hufukiwa katika vina tofauti vya udongo, na waya zake huachwa juu ya ardhi. Mkulima akiunganisha waya hizo na kisomaji chake cha mkononi, taa huwaka, kila kina na rangi yake. Bluu maana yake maji ni tele; kijani, yanatosha; nyekundu, mizizi imeanza kuhangaika.

Kinachopimwa hapo ni nguvu ambayo mzizi unahitaji ili kuvuta maji. Hesabu ya lita zilizomo ardhini haitoshi, kwa maana udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa na maji mengi kuliko wa kichanga, na bado ukayang'ang'ania mmea usiyapate. Ni kama kisima kirefu: maji yamo, lakini anayefaidi ni mwenye kamba ya kuyafikia. Kwa kuwa rangi zinafuata nguvu hiyo, nyekundu ya kichangani na nyekundu ya mfinyanzini zina maana moja. Mkulima wa nyanya akikuta nyekundu juu, kijani katikati na bluu chini, anaweza kusubiri. Mizizi iliyokwisha kushuka itajitafutia. Akikuta bluu juu na nyekundu chini, ajue anamwagilia kidogo kidogo na maji hayafiki.

Kifaa cha pili ni faneli inayofukiwa ardhini. Maji yakifika kina hicho, kiashirio huinuka juu ya udongo. Sampuli ya maji hayo huvutwa na kupimwa kwa karatasi inayobadilika rangi, na hapo mkulima huona kwa macho yake nitrati iliyokuwa njiani kumtoroka.

Matokeo katika nchi hizo tatu yalifanana. Wakulima wengi walipunguza idadi ya siku za kumwagilia, na mavuno hayakushuka. Kwa wengi yalipanda. Wasiokuwa na kifaa waliwatazama majirani wenye nacho, nao wakapunguza. Maji yakaanza kuwafikia wa mwisho wa mfereji, na ugomvi wa zamu ukapungua. Kwa mama ambaye saa zake ziliishia kwenye mfereji, siku moja ya kumwagilia ikiondolewa ni siku ya palizi, ya biashara ndogo au ya kupumzika.

Hata hivyo, sifa zote zisipewe taa. Miradi iliyoleta majaribio hayo iliwakutanisha pia wakulima, wanunuzi, wauza pembejeo na viongozi ili kutatua matatizo ya masoko na usimamizi wa skimu, na sehemu ya mafanikio imetoka huko. Kihisio husoma pale kilipofukiwa, si shamba zima. Jembe hukata waya, na kikifukiwa vibaya bila kushikana na udongo, husema uongo. Katika jaruba la mpunga lililofurika, rangi itakuwa bluu wakati wote na haitakuwa na mengi ya kufundisha.

Lipo pia suala la mto. Kiwere huchota maji ya Ruaha Mdogo, unaoingia Ruaha Mkuu kuelekea Mtera, bwawa la umeme ambalo pia ni tegemeo la wavuvi. Maji yanayookolewa shambani yakitumika yote kufungua mashamba mapya, mvuvi wa Mtera hataona tofauti. Kifaa kinaweza kuonyesha akiba ilipo. Nani aitumie ni uamuzi wa jumuiya za watumia maji.

Anayesubiri kifaa ana pa kuanzia. Kabla ya kufungulia maji, chimba kwa jembe hadi kwenye mizizi, chukua udongo wa huko na uufinye kiganjani. Ukishikana na kuacha unyevu mkononi, ahirisha. Mwanafunzi wa nyumbani aandike daftarini tarehe, hali ya udongo na siku mliyomwagilia. Na vikundi vinavyotaka kununua vianze na kisomaji kimoja cha kuazimana, kwa sababu vihisio vyaweza kubaki shambani huku kisomaji kikizunguka. Mkifanya hivyo msimu mzima, mtajua ni maji kiasi gani mmekuwa mkimwaga bure.