Je, Wajua? Kompyuta Kuukuu Haijizimi Bure

Kompyuta ya mezani iliyokutumikia miaka kumi ikianza kuganda na kujizima katikati ya kazi, neno la kwanza kusikika ni "imezeeka, itupe." Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mashine nayo ina mawingu yake. Ukijua kuyasoma, huenda ukaiokoa kwa brashi, bisibisi na subira ya jioni moja.

1. Je, wajua kwamba jinsi inavyozima ni ushahidi? Ikileta skrini ya buluu, Windows yenyewe imeona kosa na mara nyingi imeliandika. Ikikatika ghafla kama taa, shuku kwanza joto au umeme. Ikiganda na picha kubaki palepale, kagua RAM, diski na kadi ya picha.

2. Je, wajua kwamba Windows hutunza historia ya siku mbaya? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utaona grafu inayoipa mashine alama kutoka 1 hadi 10, na siku zenye hitilafu zimewekewa alama nyekundu. Linganisha tarehe hizo na siku uliyoweka programu mpya au kifaa kipya. Nalo tukio namba 41 kwenye daftari la matukio la Windows lisikudanganye: linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, halisemi kwa nini.

3. Je, wajua kwamba waya wa njano wa pawasaplai unatakiwa kutoa volti 12, na viwango vya ATX vya mashine kuukuu vinaruhusu tofauti ya asilimia 5 tu? Ukishuka chini ya volti 11.4, mashine iko hatarini. Pawasaplai iliyochoka hupima vizuri ikiwa imepumzika, kisha huanguka kazi ikiwa nzito, kwa hiyo ipime kompyuta ikiwa kazini. Boksi lake usilifungue: ndani mna kapasita za zaidi ya volti 300, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

4. Je, wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi sana duniani ziliharibika kwa sababu ya kapasita zilizotiwa kimiminika kibovu? Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilikuwa miongoni mwake. Dalili huonekana kwa macho: kichwa cha kapasita kinachotakiwa kuwa bapa kimevimba, au kimevuja uchafu wa kahawia. Hata kapasita nzima huchoshwa na joto: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu.

5. Je, wajua kwamba mwaka 2001 wapimaji wa tovuti ya Tom's Hardware waliondoa vipoza joto kwenye prosesa zikiwa kazini? Pentium 4 ilipunguza kasi ikaendelea na kazi. Athlon ikaungua kwa muda mfupi. Prosesa za leo hujilinda kwa kupunguza kasi, na joto likizidi mno hujizima. Kwa hiyo kompyuta inayozimika mchana wa jua kali na kutulia usiku inakueleza ugonjwa wake.

6. Je, wajua kwamba feni ikipulizwa na blowa huku inazunguka ovyo inaweza kuharibika? Izuie kwa kidole, ndipo upulize. Kisha tazama pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto: ikikauka na kupasuka kama tope la kiangazi, ifute yote na upake tone dogo jipya.

7. Je, wajua kwamba RAM nyingine "mbovu" ni chafu tu? Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi ili kutoa umeme tuli mwilini, kisha futa meno ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli. Baada ya hapo acha Memtest86+, programu ya bure, ikeshe usiku kucha. Ikitoa makosa, pima kipande kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lilelile.

8. Je, wajua kwamba katika uchaguzi wa 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea alipata kura 4,096 za ziada? Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 12, alama ya biti moja iliyogeuka, na mionzi kutoka angani ndiyo iliyoshukiwa. Hata hivyo, usikimbilie kulaumu anga. Utafiti wa 2009 katika seva za Google ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikitoa makosa ndani ya mwaka, mengi yakitokana na ubovu wa vipande vyenyewe.

9. Je, wajua kwamba jina CR2032 ni vipimo? Betri hiyo ya saa ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vya usalama huonekana havijaanza kutumika.

10. Je, wajua kwamba diski inaweza kufa bila kuaga? Google walichunguza diski zao mwaka 2007 wakakuta zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili hata moja ya zile kuu za SMART, mfumo wa diski wa kujikagua. Nakili mafaili yako leo, kabla ya kushika bisibisi.

11. Je, wajua kwamba Aprili 1998, mbele ya Bill Gates na umati mjini Chicago, Windows 98 ilileta skrini ya buluu mara tu skana ilipochomekwa? Chomoa kila kisicho cha lazima, kisha washa mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi. Ikiendelea kuzima, tatizo haliko kwenye Windows.

12. Je, wajua kwamba watafiti wa Microsoft walichunguza kompyuta karibu milioni moja na kuchapisha matokeo mwaka 2011? Mashine iliyoanguka mara moja kwa hitilafu ya prosesa ilikuwa na uwezekano wa karibu 1 kati ya 3 wa kuanguka tena. Usingoje ya pili.

13. Je, wajua kwamba kifaa bora cha fundi ni daftari? Badilisha kitu kimoja, tumia siku mbili, andika. Mashine iliyobadilishwa RAM, pawasaplai na bodi kwa siku moja inaweza kupona, lakini hakuna atakayejua ilikuwa ikiumwa nini, na mwenyewe amelipia vipuri vitatu alipohitaji kimoja.