Majina ya Muziki wa Waamerika Weusi

Atakaye kuijua historia ya muziki wa Waamerika weusi yafaa aanze na majina yaliyoandikwa juu ya orodha zake za biashara, kwa kuwa kila jina lilipobadilika palikuwa na sababu.

Katika Agosti 1920 Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" mjini New York kwa kampuni ya Okeh. Santuri hiyo iliuzika sana, na makampuni yakatambua ya kuwa weusi nao ni wanunuzi. Ndipo zilipotokea santuri zilizoitwa "race", yaani za asili ya watu fulani. Neno hili halikuwa tusi. Weusi wenyewe wa zama zile walilitumia kwa fahari, na aliyewatumikia wenzake alisifiwa kwalo. Lakini lilipopigwa chapa juu ya orodha ya bidhaa lilikuwa ukuta, wala halikueleza hata kidogo jinsi muziki wenyewe ulivyo.

Billboard, gazeti la biashara ya muziki, lilikuwa na orodha ya jina hilo tangu 1945. Mnamo Juni 1949 likaliacha, likaandika "rhythm and blues", jina lililopendekezwa na mwandishi wake Jerry Wexler. Tukilifasiri twaweza kusema mapigo na majonzi. Ila tafsiri hii yapungukiwa, maana "blues" si huzuni tu, bali pia ni namna ya utungo ambamo mara nyingi mshororo wa kwanza hurudiwa, kisha wa tatu huujibu. Jina jipya lilitaja sauti, halikutaja ngozi. Hata hivyo wasikilizaji waliokusudiwa walikuwa wale wale.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka kanisani. Novemba 1954, mjini Atlanta, Ray Charles, aliyepofuka utotoni, alirekodi "I Got a Woman". Alitwaa lahani na vilio vya nyimbo za Injili, akavitia maneno ya mapenzi ya kidunia. Wacha Mungu wengi walichukizwa, na si ajabu: kilichokuwa cha ibada kilikuwa sasa kikichezwa vilabuni. Mwaka 1957 Sam Cooke, mwimbaji wa Injili, akaifuata njia hiyo. Kisha mwaka 1967 Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit, akauchukua wimbo "Respect", ambao Otis Redding aliutunga kwa kinywa cha mume adaiye heshima nyumbani, akaugeuza ukawa dai la mwanamke. Wengi walisikia humo dai la weusi wote.

Basi Agosti 1969 gazeti lile likabadili tena, likaandika "soul", ndiyo roho. Neno hili halikuzuliwa dukani. Lilikuwa tayari vinywani mwa watu, nalo lilibeba harufu ya kanisa. Kwa maoni yangu ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Lakini halikudumu: mwaka 1982 orodha iliitwa "Black", likarudia ngozi, na mwaka 1990 likarejeshwa jina la 1949.