Mshale wa mafuta ukidanganya, hesabu za gari huharibika

MWENYE gari la biashara mjini Arusha anaweza kuijua bei ya petroli na dizeli hadi shilingi ya mwisho, na bado asijue ni lita ngapi zimo ndani ya tangi lake mwenyewe. Bei kikomo hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kilichomo tangini hutangazwa na mshale mdogo kwenye dashibodi, na mshale huo hauna mdhibiti.

Kwa wenye Hiace za abiria, pick-up za mizigo na magari ya watalii yanayopita Kimandolu katika barabara ya Moshi, ubovu wa mshale huo huchukuliwa kuwa jambo dogo. Gari linawaka, linatembea, linaleta hesabu jioni, basi. Matengenezo yanasubiri mwezi mwingine.

Hata hivyo, gharama ya kusubiri ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ya kwanza ni gari kuzimika njiani likiwa na abiria au mzigo. Ya pili, ambayo haionekani katika risiti yoyote, ni ugomvi kati ya mwenye gari na dereva wake. Mara nyingi dereva huitwa mwizi wa mafuta kabla mtu yeyote hajauangalia waya wa tangini.

Lita 22 zinazopotea bila kuibwa

Chukua mfano wa Land Cruiser ya watalii yenye matangi mawili ya lita 90 kila moja. Dereva ameondoka na tangi lililojaa. Anaporudi, kwa mwendo aliokwenda, tangi linapaswa kuwa nusu, lakini mshale unaonyesha robo. Tofauti hiyo ni lita 22 na nusu. Kwa bei ya mfano ya Sh. 3,000 kwa lita, mwenye gari anaona Sh. 67,500 zimetoweka katika safari moja.

Atakayeulizwa ni dereva. Akishindwa kujieleza anakatwa mshahara au anafukuzwa, na mwenye gari anabaki na ubovu uleule na dereva mgeni. Ikiwa kosa lilikuwa katika saketi ya kipimo cha mafuta, safari ya pili zitapotea tena lita zilezile.

Kwa daladala hali ni tofauti kidogo. Kwa desturi mafuta hulipwa na dereva kutokana na makusanyo ya siku, kabla ya kupeleka hesabu kwa mwenye gari. Mshale ukiwa mbovu, hasara inaanzia kwake. Ananunua mafuta kidogo kidogo kwa kubahatisha, anapoteza muda kituoni kila baada ya trip chache, na siku akibahatisha vibaya anazimikiwa na gari barabarani.

Kipimo kinavyofanya kazi

Ndani ya tangi kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti, lililofungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda floti hupanda, yakishuka hushuka. Mkono huo husogeza kidole kidogo cha chuma juu ya kibao chenye ukinzani, yaani kinachozuia umeme kupita kwa kiasi fulani. Ukinzani hupimwa kwa omu. Kiasi cha umeme kinachopita ndicho kinachousogeza mshale.

Katika magari mengi ya Toyota ya zamani, yakiwamo mengi yanayofanya kazi Arusha hadi leo, ukinzani ni takribani omu 3 tangi likijaa, takribani 32 likiwa nusu, na takribani 110 likiwa tupu. Baadhi ya Toyota za miaka ya karibuni hutumia takribani omu 15 kwa tangi lililojaa na zaidi ya 400 kwa tangi tupu.

Yapo magari ya Ulaya na Marekani yanayokwenda kinyume, ambapo ukinzani mdogo ni tangi tupu na mkubwa ni tangi lililojaa. Mwenye gari anapaswa kujua lake ni la aina gani. Waya ukikatika katika Toyota ya zamani, mshale huanguka kwenye tupu na dereva anashtuka mapema. Waya ukikatika katika gari la aina ile nyingine, mshale hupanda kwenye kujaa, na dereva anaendelea na safari akiwa na imani hadi injini izime.

Kupima kabla ya kununua

Kosa linalogharimu fedha nyingi ni kununua kipimo kipya cha tangini kabla ya kujua ubovu uko wapi. Saketi hii ina sehemu nne: mshale wenyewe, waya unaotoka kwenye dashibodi hadi nyuma, kipimo kilichomo tangini, na waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye bodi. Kipimo cha tangini ni sehemu moja tu kati ya hizo.

Fundi anayejua kazi yake huanza na yasiyogharimu kitu. Anaangalia fyuzi. Anaangalia pia mshale wa joto la injini, kwa sababu katika magari mengi ya zamani mishale hiyo miwili hupata umeme kutoka mahali pamoja. Ikiwa yote miwili inadanganya kwa wakati mmoja, ubovu uko kwenye dashibodi, na hakuna sababu ya kushusha tangi.

Kwa gari la matangi mawili, swichi ya kubadilishia tangi ni kipimo cha bure. Mshale ukisoma vizuri kwenye tangi moja na vibaya kwenye la pili, basi mshale ni mzima. Ubovu unatafutwa kwenye swichi, waya au kipimo cha lile tangi la pili.

Baada ya hapo huchomolewa plagi ya waya iliyo karibu na tangi. Katika Toyota ya zamani, swichi ya gari ikiwashwa huku plagi imechomolewa, mshale unapaswa kushuka kwenye tupu. Ukibaki umepanda, waya unagusa bodi mahali fulani njiani. Ukishuka, waya wa upande wa dashibodi huunganishwa na bodi kupitia balbu ndogo ya wati tatu hivi, mbali na mdomo wa tangi. Mshale ukipanda hadi kujaa, dashibodi na waya vyote ni vizima, na sasa fundi ana haki ya kusema ubovu uko tangini au kwenye ethi yake. Usipopanda, kazi inarudi kwenye waya na dashibodi.

Kinachofuata ni kupima ukinzani wa kipimo chenyewe kupitia plagi, bila kufungua tangi. Multimita ya kawaida hupatikana kwa fedha zisizotofautiana sana na bei ya lita kumi za mafuta. Ikionyesha mstari uliokatika kabisa, kipimo au waya wake wa ndani umekufa. Ikionyesha namba inayoendana na mafuta yaliyomo, kipimo ni kizima.

Kwa magari ya kisasa yenye kompyuta, mashine ya kusomea makosa husaidia. Namba P0460 humaanisha kosa katika saketi ya kipimo cha mafuta, P0461 usomaji usioendana na hali, P0462 umeme ulio chini mno, P0463 ulio juu mno, na P0464 kosa linalokuja na kuondoka. Lakini namba hizo hutaja saketi, hazitaji kipuri. Anayekimbilia dukani baada ya kuisoma P0463 anaweza kununua kipimo wakati kilichoharibika ni waya.

Ethi ndiyo mshukiwa wa kwanza

Ule mfano wa lita 22 una maelezo rahisi. Tangi likiwa nusu, kipimo cha Toyota ya zamani hutoa takribani omu 32. Kutu kwenye skrubu ya ethi inaweza kuongeza omu 20 au 30 juu yake. Dashibodi haijui kuwa hiyo ni kutu. Inasoma jumla ya omu 50 hadi 60, na mshale unashuka kuelekea robo. Mafuta yote yamo.

Mazingira ya Arusha yanachangia. Plagi na skrubu hizo hukaa chini ya gari, na njia nyingi zinazopanda kutoka lami kuelekea Mlima Meru ni za udongo. Vumbi la kiangazi huingia kwenye plagi, kisha tope la masika huleta unyevu. Mawe nayo hubonyeza sakafu ya tangi, na floti ikizuiwa isifike chini mshale hautasoma tupu hata mafuta yakiisha. Aidha, gari likiegeshwa kwenye mteremko mafuta huhamia upande mmoja, hivyo usomaji wa hapo si wa kuaminiwa.

Dawa ya ethi ni kufungua skrubu, kupiga msasa hadi chuma king'ae, kufunga tena kwa nguvu na kupaka grisi. Ni kazi ya dakika chache, na inapaswa kufanyika kabla ya nyingine yoyote.

Mafuta yenyewe pia yanaweza kuharibu kipimo. Mwaka 2004 nchini Marekani, Shell na mshirika wake Motiva walilazimika kusimamisha mauzo ya petroli katika vituo kadhaa vya majimbo ya kusini baada ya salfa iliyozidi kula vipimo vya tangini na kuifanya mishale isome uongo. Kwa hiyo wamiliki kadhaa waliojaza kituo kimoja wakipata ubovu unaofanana kwa wakati mmoja, wana sababu ya kuuliza.

Ununuzi wa kipuri

Ikithibitika kuwa kipimo cha tangini kimekufa, mnunuzi aende dukani na kile cha zamani mkononi. Mambo matatu yalinganishwe: plagi, urefu wa mkono wa floti, na omu. Kipimo cha gari jingine kinaweza kuingia kwenye tundu bila shida na bado kikadanganya maisha yake yote, kwa kuwa omu zake ni tofauti.

Kipuri cha mtumba kipimwe palepale kaunta. Mkono wa floti usogezwe taratibu kutoka chini hadi juu huku multimita imeunganishwa. Namba zibadilike polepole bila kuruka. Zikiruka au kupotea katikati, kibao kimelika, na fedha zisitoke mfukoni. Floti nayo itikiswe sikioni. Ikisikika mafuta ndani imetoboka na itazama.

Mwenye gari ajihadhari pia na fundi anayependekeza kuongeza kizuizi cha umeme kwenye waya ili mshale ukae pazuri. Huko ni kuifundisha dashibodi kusema uongo mwingine.

Usalama hauna punguzo. Kabla ya kutoa kipimo tangini, waya wa betri ufunguliwe, kazi ifanyike mahali penye hewa, na pasiwe na sigara, jiko wala mashine ya kuchomelea karibu. Tangi tupu la petroli halina usalama zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Daftari ni shahidi

Kabla ya kumtuhumu dereva, mwenye gari ana kipimo kingine kisichotegemea umeme. Gari lijazwe hadi pampu ikate yenyewe, mahali tambarare, na kilometa ziandikwe. Baada ya safari lijazwe tena kwa namna ileile, kwenye pampu ileile ikiwezekana. Kilometa zigawanywe kwa lita zilizoingia, na risiti ihifadhiwe.

Gari lililokwenda kilometa 420 na kumeza lita 52 na nusu limekwenda kilometa 8 kwa lita. Hesabu hiyo ikibaki ileile wiki baada ya wiki huku mshale ukilalamika, hakuna mafuta yaliyoibwa na gari lipelekwe kwa fundi umeme. Kilometa kwa lita zikishuka kweli, hapo ndipo pa kukagua uvujaji, pampu, nozeli na, mwishoni, watu.

Kwa wenye magari ya dizeli kuna sababu ya ziada ya kutochelewa. Injini ya dizeli ikiishiwa mafuta huvuta hewa kwenye mabomba, na mara nyingi haiwaki tena kwa kumwaga lita tano tu. Hewa hiyo hutolewa kwanza kwa pampu ya mkono, gari likiwa limesimama na abiria wakidai nauli zao. Katika magari mengi ya petroli yenye pampu ndani ya tangi, mafuta ndiyo yanayoipoza pampu hiyo, na kuendesha kila siku tangi likikaribia kukauka huifupishia maisha. Anayeahirisha kusafisha skrubu ya ethi anaweza kuishia kununua pampu.