Mofa ya nani ndiyo dawa ya sukari?

Ukigundulika una sukari Unguja au Mombasa, kabla hujarudi kliniki mara ya pili utakuwa umeshapewa ushauri mtaani: acha boflo, kula mkate wa mofa. Shoga atakwambia unashusha sukari. Jirani ataongeza kwamba unakata mwili. Fundi cherehani, ambaye hata hukumwuliza, ataapa kuwa hauna wanga kabisa. Wote wanasema kwa yakini, na kila mmoja anasemea mofa yake.

Mofa ya wazee haikuwa na mambo mengi: unga wa mtama, maji, chumvi, na muda wa kuchachuka. Mtama hauna gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike, kwa hiyo donge lake halisukumiki kwa mpini kama chapati. Ukililazimisha linachanika pembeni. Mpishi anayejua kazi huchovya kiganja kwenye maji, akalibonyeza donge mpaka liwe duara nene, kisha akalibandika ukutani mwa tanuri la udongo ambalo kuni zake zimeshakuwa makaa. Donge lililokauka mno linabanduka na kuangukia motoni. Lililolowa mno linateleza. Lililopatia linashika, linapasukapasuka usoni, na upande wa chini unatoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi.

Mkate huu una ndugu ng'ambo. Wasomali wa Mogadishu wana muufo wao, wa mtama au wa mahindi, na katika pwani ya Tihama huko Yemen tanuri lenyewe la udongo lina jina linalofanana na hilo. Kwa hiyo tofauti za mapishi hazikuanza jana. Wako wanaotegemea uchachu wa usiku kucha, wako wanaotia hamira ili donge liumuke upesi, wako wanaoongeza iliki na sukari, na wengine huukandia tui la nazi. Halafu wako wale wa ngano.

"Shikamoo bibi. Hii ya mtama mtupu?"

"Marahaba mwanangu. Mtupu utauweza wewe? Nimetia ngano kidogo ushikane."

Hicho "kidogo" ndicho kitendawili. Kwa huyu ni konzi moja, kwa yule ni nusu kwa nusu, na mteja anaondoka na mfuko akiamini amenunua tiba.

Sasa tumsikilize fundi cherehani. Gramu 100 za unga wa mtama zina wanga unaofika gramu 70 na ushei, na nguvu inayokaribiana sana na ya unga wa ngano. Hapo kakosea kabisa. Shoga ana hoja kidogo: wanga wa mtama, hasa wa unga usiokobolewa, kwa kawaida humeng'enywa polepole kuliko wa ngano nyeupe, kwa hiyo sukari hupanda taratibu zaidi. Lakini kupanda taratibu si kushuka. Mofa nne za taratibu bado ni mofa nne.

Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele, mtama na jamaa zao, na sifa zikazidi kupaa. Sifa kubwa ya mtama, hata hivyo, ni kuvumilia ukame. Hiyo ni sifa ya shambani, na mgonjwa wa sukari haimsaidii akiwa mezani.

Lipo jambo ambalo washauri wa mtaani hawaligusi. Mtama una fitati, na aina nyingine zina tanini nyingi. Vyote viwili hushika madini ya chuma yasifyonzwe vizuri mwilini. Mjamzito mwenye upungufu wa damu akila mofa na kuteremshia chai ya rangi papo hapo, anajizidishia tatizo. Kuchachusha donge hupunguza fitati, na ndimu kwenye samaki husaidia chuma kupita. Wazee walichachusha usiku kucha. Hamira ya saa moja haifanyi kazi ile ile. Na kwa mtu ambaye tumbo lake halipatani na gluteni, konzi ya ngano ya yule bibi inatosha kumlaza kitandani.

Kuhusu kukata mwili, mbona hakuna anayeutaja mchuzi? Mofa ni kavu, haishuki bila kitoweo, na kitoweo chenyewe ni pweza wa tui zito. Nazi nayo ina mafuta yake.

Mwenye kipimo cha sukari nyumbani asibishane na mtu. Apime kabla ya kula, ale kiasi chake cha kawaida, apime tena baada ya saa mbili, na siku nyingine afanye hivyo hivyo kwa boflo. Kinachotisha ni wale wanaopunguza vidonge au sindano kwa kuwa wamehamia mofa. Dawa haipunguzwi bila daktari.

Anayetaka mtama mtupu aupike mwenyewe. Sehemu ya unga aimwagie maji yanayochemka na kuikoroga mpaka inate, achanganye na uliobaki, afunike hadi asubuhi. Kikaango kizito chenye mfuniko kinatosha kwa asiye na tanuri: moto mdogo, na kugeuza mara moja. Harufu ya moshi ataikosa, na mofa zitakazobaki zitakuwa ngumu kesho yake. Azinyunyizie maji kabla ya kuzipasha.