Wagonga Nyundo Walipohamia Nyumba ya Wakimbiaji

JEZI yangu ya kwanza ya West Ham niliinunua mtumbani Karume, pale Ilala, bila hata kujua ni ya timu gani. Nilipenda rangi tu: kifua cha damu ya mzee, mikono ya bluu ya mawingu. Ikawa ndiyo ndoa. Mpaka leo nateseka nayo.

Mwaka 2020 Mbwana Samatta alipotua Aston Villa, nikapata umaarufu wa bure mtaani. Villa nao wanavaa rangi hizohizo, kwa hiyo kila nikipita kijiweni nasikia, "Oya, mtu wa Samatta!" Nikijieleza kwamba hii ni West Ham, naulizwa, "West Ham ndiyo akina nani hao, kaka?"

Haya, leo najibu. West Ham ndiyo ile timu ya mashariki mwa London iliyokaa nyumba moja kwa miaka 112, halafu ikafunga virago na kuhamia kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya wakimbiaji. Yaliyowapata huko ni mkasa, na kwa shabiki wa Bongo una mafunzo yake.

NYUMBA YA UDONGO WA DAMU

Tangu 1904 hadi 2016, Wagonga Nyundo walichezea uwanja wa Boleyn, kule Upton Park. Ulikuwa umebanwa katikati ya makazi na maduka ya mtaa wa Green Street. Watu waliingia kama 35,000 tu, lakini kelele zao zilikuwa za laki. Majukwaa yalikuwa karibu kabisa na chaki. Winga wa timu pinzani akija kurusha mpira, alikuwa anasikia kila tusi linalomhusu yeye na ukoo wake.

Mechi ya mwisho pale ilikuwa Mei 10, 2016, dhidi ya Manchester United. Basi la wageni lilirushiwa chupa barabarani, mechi ikachelewa dakika 45. West Ham wakatangulia, wakarudishwa, wakapigwa la pili, kisha Michail Antonio akasawazisha na Winston Reid akamaliza kazi kwa kichwa. 3-2. Niliitazama kwenye kibanda, na sioni aibu kusema macho yalinilowa. Uwanja huo baadaye ulivunjwa, yakajengwa magorofa ya kuishi watu.

Sasa kwa nini waliondoka? Mshiko, bwana! Uwanja wa Olimpiki wa 2012 ulikuwa umebaki Stratford bila mwenyewe, na haukuwa mbali. Klabu ikapewa mkataba wa miaka 99, kodi pauni milioni 2.5 kwa mwaka, na ilichangia pauni milioni 15 tu kwenye matengenezo yaliyokula zaidi ya pauni milioni 270. Walipa kodi wa Uingereza walipiga kelele mpaka wakachoka. Viongozi wa klabu waliahidi mambo makubwa: watu wengi zaidi, mapato zaidi, mastaa wa maana.

PALE ALIPOTESA RUDISHA

Uwanja wenyewe si wa mchezo. Ndipo Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.63. Ndipo jirani yetu Mkenya David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:40.91, akiwa anaongoza mwanzo hadi mwisho. Watu 80,000 walikuwa wamesimama.

Lakini uwanja wa kumtazama Rudisha akizunguka si uwanja wa kumtazama beki akigombana na straika. Mafundi walipanua paa na kuweka viti vinavyosogezwa mbele kufunika njia ya kukimbilia, halafu kila kiangazi viti hivyo vinarudishwa nyuma ili riadha ipate nafasi. Kazi hiyo peke yake imekuwa ikila mamilioni ya pauni. Na hata viti vikisogezwa, bado kuna pengo. Jukwaa la juu liko mbali na la chini, na nyuma ya magoli umbo la yai la wakimbiaji halijifichi.

Hapa najua unacheka. Sisi hapa Dar tunakwenda kwa Mkapa, uwanja uliofunguliwa 2007, na njia ya kukimbilia iko palepale inatutazama. Mimi ni mtu wa mzunguko miaka yote. Ukikaa nyuma ya goli moja, linalofungwa goli la upande wa pili unalijua kwa kuangalia nani wameruka. Siku ya Simba na Yanga hilo huwa halisumbui, maana uwanja mzima unatetemeka. Lakini nenda siku ya mechi ndogo, watu elfu chache. Kelele zinatoka, zinafika kwenye tartani, zinakufa. Kisha nenda Chamazi, kwenye uwanja mdogo wa Azam usio na tartani, usikie jinsi kocha anavyomfokea beki wake. Tofauti utaiona mwenyewe.

Ndicho walichokililia mashabiki wa West Ham. Hawakukosa viti. Walikosa ukaribu.

NDOA ILIANZA NA NGUMI

Agosti 4, 2016 walifungua kwa kuichapa Domžale ya Slovenia 3-0, na Cheikhou Kouyaté, mtoto wa Senegal, akaandika bao la kwanza. Raha ikaishia hapo. Mashabiki wakaanza kugombana wao kwa wao: huyu anataka kusimama na kuimba, yule nyuma yake amelipa hela yake akae atazame. Oktoba mwaka huohuo, walipoitoa Chelsea kwenye Kombe la Ligi, zilirushwa sarafu na viti. Msimu wa mwisho Boleyn walimaliza wa 7. Msimu wa kwanza Stratford wakawa wa 11.

Mwaka 2017 ndio nilichanganyikiwa kabisa. Agosti uwanja ulichukuliwa na Mashindano ya Dunia ya riadha, mwenye nyumba akaambiwa apishe! West Ham wakaanza ligi kwa mechi tatu mfululizo ugenini, wakafungwa zote, mabao 10 wavuni. Lakini katika mashindano hayohayo, Alphonce Simbu wetu alipata shaba kwenye marathoni, ingawa mbio hizo ziliishia Tower Bridge na si uwanjani. Mtanzania ndani yangu alikuwa anashangilia. Shabiki wa West Ham ndani yangu alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu.

Mambo yakaiva Machi 10, 2018, siku Burnley walipowachapa 3-0 palepale nyumbani. Mashabiki walivamia uwanja. Mmoja alikabana na nahodha Mark Noble mwenyewe. Mwingine aling'oa kibendera cha kona, akaenda kukisimika katikati ya uwanja kama anaweka alama ya msiba. Wengine walijazana chini ya jukwaa la wakubwa, wakiwanyooshea vidole viongozi waliowahamisha.

ZULIA HALIIMBI

Viongozi nao wakajaribu kurekebisha. Mwaka 2019, baada ya mvutano na wenye uwanja, zulia linalozunguka nyasi likabadilishwa likawa rangi ya jezi. Jukwaa la nyuma ya goli, lenye jina la Bobby Moore, likasogezwa mbele kidogo. Idadi ya wanaoruhusiwa kuingia ikapanda mpaka 62,500. Yote mazuri. Ila zulia haliimbi.

Kilichoimba ni usiku wa Machi 17, 2022. Sevilla, vigogo waliokuwa wameshabeba Kombe la Europa mara sita, walikuja na ushindi wao wa 1-0 mfukoni. Tomáš Souček akasawazisha kwa kichwa, mechi ikaenda dakika za nyongeza. Kisha Andriy Yarmolenko, mtu wa Ukraine ambaye nchi yake ilikuwa imevamiwa wiki chache tu kabla, akamalizia mpira uliorudi, 2-0.

Kibandani tulikuwa wachache, wengi wao wakisubiri mechi nyingine. Nakuambia, uwanja uleule wenye pengo, uleule walioutukana miaka sita, ulilipuka mpaka spika za mzee mwenye kibanda zikaanza kukwaruza. Jamaa mmoja wa Arsenal akaniuliza, "Huu si ndio ule uwanja mnaosema hauna sauti?" Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbatia mtu nisiyemjua.

Mwaka uliofuata, Juni 7, 2023, Jarrod Bowen aliwafungia dakika ya 90 kule Prague, wakaipiga Fiorentina 2-1 na kubeba Conference League, kombe kubwa la kwanza tangu 1980. Safari ya kufika huko ilipita Stratford.

Sisemi wamesahau Boleyn. Hawajasahau, na wapo watakaokufa wakisema walidanganywa. Pengo lipo, na riadha ikiwa na zamu yake viti vinarudi nyuma. Ninachosema ni kwamba nyumba haijengwi na fundi wa viti. Inajengwa na usiku mmoja mtu anaolia ndani yake, halafu wa pili, halafu wa tatu. Boleyn ilikusanya za miaka 112. Stratford ndiyo kwanza inahesabu.

Kwa hiyo siku Simba au Yanga watakapojenga viwanja vyao wenyewe vya hadhi, ombi langu kwa wakubwa ni moja: majukwaa yasogee kwenye chaki tangu siku ya kwanza. Shabiki asilazimike kusubiri miaka sita ndipo sauti yake ifike.

Na wewe wa kijiweni, ukiniona na jezi yangu, sasa unajua. Mimi si mtu wa Villa.